Nyaya Nane za Koili ya Kwanza, Kuanzia ya Jalalani Hadi Bingwa

Haya, sogea karibu, leo tunagawa vyeo. Umechoka kununua koili za vepu za dukani na umeamua kusokota zako. Tanki la kujengea unalo, bisibisi ndogo unayo, kibano unacho. Sasa umesimama mbele ya rafu ya nyaya, zote zinang'aa, na muuzaji anakuambia zote ni nzuri. Si kweli. Nyingine zitakufundisha kazi, nyingine zitakufundisha adabu.

Kanuni ya mashindano ni moja: waya huu unamsamehe kiasi gani mtu anayesokota kwa mara ya kwanza? Ladha haihesabiwi, wingi wa mvuke hauhesabiwi, sura kwenye picha ndiyo kabisa. Na ili kila mshindani apate haki yake, panapohitajika namba nimepiga hesabu kwa umbo lilelile: waya wa geji 26, yaani unene wa milimita 0.4, mizunguko 6 kwenye fimbo ya milimita 3, koili moja tu.

Kabla ya filimbi, maneno mawili ya dhati. Orodha hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Nikotini hukamata, na kama hujaanza, usianze. Na kama uko Uganda, sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki, hivyo kwako mechi imeisha kabla ya nambari 8.

Wengine, twende. Tunahesabu kurudi nyuma.

8. Waya wa seng'enge

Yupo rafiki yako mmoja, jina lake limeshakujia kichwani, ambaye atasema "waya ni waya" na kukuletea kipande kutoka banda la kuku. Mshukuru, kisha kitupe. Waya huo umepakwa zinki ili usishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake ukivutwa huleta homa, kutetemeka na kikohozi. Waulize mafundi wa kuchomelea: aliye makini huikwangua zinki kabla hajawasha mashine, na yeye wala hakukusudia kuuvuta moshi ule. Wewe unataka kuuvuta kwa makusudi, tena kwa mrija?

Hukumu: Ametolewa nje kabla ya mechi kuanza. Kuku wanamsubiri.

7. Tungsteni

Kwenye karatasi huyu ni jitu. Hakuna metali nyingine inayoyeyuka kwa joto kubwa kama lake: nyuzi 3,422. Ukiisoma namba hiyo unadhani umemaliza kazi. Kumbe adui yake ni hewa. Ndani ya balbu, tungsteni huwaka bila wasiwasi kwa sababu oksijeni imeondolewa mle. Itoe nje, ipashe kupita nyuzi 500 hivi, na uso wake unaanza kuliwa na kugeuka unga wa rangi ya njano. Tena ni ngumu na ina hasira. Ukiikunja kwa pupa inakatikia mkononi. Ukinzani wake nao ni mdogo mno kwa kifaa cha kawaida.

Hukumu: Anastahimili nyuzi 3,422 lakini ameshindwa na hewa ya sebuleni kwako. Arudi kwenye balbu.

6. Titani

Mashabiki wa titani wana hoja wanayoipenda: madaktari wa mifupa huiweka kwenye nyonga za watu, ikakaa humo miaka na miaka bila kudhuru, sasa itashindwaje kwenye vepu? Jibu ni fupi. Nyonga haiwaki.

Titani ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu hutoa unga mweupe wa oksidi, na joto likizidi inaweza kushika moto ambao ukiumwagia maji unauchochea. Kwa hiyo hutumika tu kwenye kifaa chenye udhibiti wa joto, na hata humo haiwashwi kavu. Hapo ndipo mwanagenzi anapokwama: kuiwasha koili kavu, kabla ya kutia pamba, ndiyo njia yako kuu ya kujua kama umeisokota sawasawa. Titani inakunyima kioo cha kujitazamia siku unayokihitaji kuliko siku zote.

Hukumu: Waya wa wakubwa. Jiunge nao mwakani.

5. Nikeli tupu, Ni200

Kuna kipindi huyu alikuwa mfalme. Mwaka 2014 kampuni ya Marekani, Evolv, ilitoa chipu yake ya DNA 40, iliyoweza kukisia joto la koili kwa kufuatilia jinsi ukinzani unavyopanda. Kwa kazi hiyo nikeli ilikuwa imezaliwa tayari: kutoka joto la chumba hadi nyuzi 200, ukinzani wake unapanda zaidi ya mara mbili. Chipu haihitaji hata kubahatisha.

Sasa lete umbo letu la majaribio. Kwa nikeli linatoa takriban omu 0.055. Betri ya 18650 iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya: ampea 76. Betri nzuri ya aina hiyo huvumilia ampea 20 hivi mfululizo. Kwenye kifaa kisicho na saketi ya ulinzi, ulichosokota si koili, ni shoti yenye umbo zuri. Na katika hili sitanii: Januari 2019, mjini Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alifariki dunia baada ya vepu kumlipukia. Betri haijui kwamba wewe ni mwanagenzi.

Ongeza kwamba nikeli ni laini kiasi cha kupinda ukiigusa tu, na kwamba wapo watu wengi ambao ngozi zao huwashwa na herini zenye nikeli. Kama wewe ni mmoja wao, usitafute ugomvi.

Hukumu: Mfalme aliyestaafu. Tumsalimie kwa heshima na tupite.

4. Clapton

Huyu si metali, ni msuko. Waya mnene unakaa katikati, waya mwembamba sana unauzungukia toka mwanzo hadi mwisho, kama ulivyo uzi wa besi wa gitaa. Ndiyo maana amebeba jina la mpiga gitaa Eric Clapton. Vijibonde vyake hushika juisi nyingi, eneo la kuchemshia linaongezeka, na ladha kweli inanoga. Hilo silipingi, hata ukinibana mlangoni.

Ninachopinga ni haraka yako. Clapton ni mzito, kwa hiyo huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Anakula betri, anakula juisi, na kipenyo chake kinene kinagombania nafasi kwenye tundu la nguzo. Kumsuka mwenyewe kunahitaji drili na mkono uliotulia. Na koili ikikataa kufanya kazi, hutajua kosa liko kwenye msuko, kwenye skrubu au kwenye pamba.

Hukumu: Nunua aliyekwisha kusukwa, umweke kabatini, umfungue ukishaweza koili ya kawaida ukiwa umefumba macho. Wanaomtaka nambari 1 najua wapo, na najua pia juisi yao huisha mapema.

3. Nikromu 80

Hapa tumeingia kwenye medali, na hapa ndipo vita vinapoanza. Nikeli asilimia 80, kromi asilimia 20. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko huu mwaka 1906, na tangu hapo dunia imekuwa ikipika na kupiga pasi kwa sababu yake. Ukivunja pasi ya umeme iliyokufa, yumkini utamkuta mle ndani.

Sifa zake ni za kweli: ni mlaini kidoleni, ukiusokota unakaa ulivyousokota, na unawaka chapuchapu. Umbo letu linatoa takriban omu 0.63, namba ambayo betri yoyote nzuri inaibeba bila jasho. Basi kwa nini hakupanda juu? Kwanza, ile nikeli asilimia 80 inawafungia nje wenye mzio. Pili, wepesi wake wa kuwaka unakwenda pamoja na wepesi wa kuharibika: kiwango chake cha juu cha kufanyia kazi ni nyuzi 1,200 hivi, na anayejifunza mara nyingi hubonyeza kitufe akasahau kukiachia.

Hukumu: Medali ya shaba, ingawa shaba yenyewe haikupata hata namba ya kushiriki kwa jinsi ukinzani wake ulivyo hafifu. Mashabiki wa nikromu, shusheni ngumi kwanza, bado wawili.

2. Stenlesi 316L

Waya wa pwani. Ile molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 iliyomo ndani yake ndiyo inayomfanya ahimili chumvi, na ndiyo maana vifaa vya chombo cha baharini hutengenezwa kwa chuma hikihiki. Lakini medali hajapewa kwa kuogelea.

Amepewa kwa sababu anacheza nafasi mbili. Unaweza kumwendesha kwa wati kama waya wa kawaida, na siku ukipata kifaa chenye udhibiti wa joto unamwendesha kwa nyuzi, bila kubadilisha koili. Ukinzani wake hupanda kidogokidogo kadiri anavyopata moto, lakini kidogo hicho kinatosha chipu kugundua kwamba pamba imekauka na kukata umeme. Aliyewahi kuvuta pamba inayoungua anajua thamani ya huduma hiyo; koo halisahau upesi.

Dosari zake: umbo letu linashuka hadi omu 0.43 hivi, karibu ampea 10 kwa betri iliyojaa, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Huruka kama springi. Na asichomwe kavu mpaka awe mwekundu kupindukia. Mguse kwa wati chache, tazama, achia.

Hukumu: Fedha. Anayesema alistahili dhahabu ana hoja, na ni hoja pekee kwenye orodha hii inayoninyima raha.

1. Kanthal A1

Huyu hapa. Chuma, kromi na alumini, basi. Ametoka Sweden, mji wa Hallstahammar, kazi ya Hans von Kantzow, na kampuni inayobeba jina la waya huu iliundwa mwaka 1931 ili kutengeneza nyaya za kupashia moto. Hana nikeli, kwa hiyo wenye mzio karibuni ndani. Akipata moto, alumini yake hujenga ngozi ya oksidi juu ya waya, na ngozi hiyo ndiyo inayomlinda asiliwe na hewa. Anafanya kazi hadi nyuzi 1,400. Ukinzani wake hausogei ovyo: hata kwenye nyuzi 1,000 umepanda kwa asilimia 4 hivi tu. Ulichopima mezani ndicho utakachovuta. Kanthal ni punda wa Lamu: mbio hana, mzigo unafika.

Wapinzani watasema anachelewa kuwaka na ni mgumu kusokota. Kweli yote mawili. Ila kuchelewa kwake kunakupa muda wa kuachia kitufe, na ugumu wake una dawa, ambayo ni hii.

Zungusha mara 6 kwenye fimbo ya milimita 3 ukivuta waya kwa nguvu sawasawa. Kaza miguu yake miwili kwenye nguzo, kata mabaki mpaka mwisho. Kipande kilichochomoza kikigusa ukuta wa tanki ni shoti. Kisha pima omu kabla hujabonyeza chochote. Unatafuta 0.8 au karibu yake. Namba ikichezacheza, skrubu imelegea. Ikishuka karibu na sifuri, kuna mahali chuma kimegusa chuma.

Namba ikitulia, weka wati 15 na uguse kitufe kwa vipindi vifupi, mahali penye hewa. Koili inatakiwa kuwaka kuanzia katikati kuelekea pembeni. Doa moja likitangulia kung'aa, achia, bana mizunguko kwa kibano cha kauri, rudia. Kibano cha chuma kikae mbali umeme unapopita. Ikiwaka kwa mpangilio, iache ipoe, pitisha pamba: ikipita bila kusuguana imepungua, ikiivuta koili imezidi. Lowesha kwa juisi, ngoja inywe, anza chini kwa wati 15 hadi 20.

Hukumu: Dhahabu, bila kura za marudio.

Sasa zamu yako

Najua utabisha, na orodha ya nyaya isiyobishiwa haifai hata kufungia mkaa. Mtu wa Clapton atasema sijui ladha. Mtu wa nikromu ataleta saa ya kuhesabia sekunde za kuwaka. Mtu wa stenlesi atanyamaza kwa madaha, akijua amekosa kidogo tu. Wote karibuni, kwa sharti moja: kila mmoja aje na koili aliyoisokota mwenyewe na namba ya omu aliyoisoma kwenye mita. Asiyepima kabla ya kubonyeza hana haki ya kubishana na mtu, awe na waya wa dhahabu.