Mwenyekiti wa Viti vya Kuazima

Nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya burudani kwa kosa moja tu: siku ya kikao sikuwepo. Nilikuwa Manundu sokoni natafuta tairi la baiskeli. Niliporudi jioni jirani alinipa mkono wa hongera, mke wangu akanipa jicho. Nikadhani nimepata cheo. Lakini Kiswahili hakikunificha neno, ni mimi tu sikusikiliza: mwenyekiti ni mwenye kiti, na kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa kutafuta viti 120.

"Viti viko wapi, Mwalimu?" mweka hazina aliniuliza, utadhani mimi ndiye niliyevificha. (Huku kwetu ukishafundisha hata miaka mitatu, utaitwa Mwalimu mpaka siku ya kufukiwa.)

Wazo lenyewe lilikuwa la vijana, na sikuliona baya. Agosti hapa Makuyuni mahindi yameshavunwa, mfukoni kuna chochote, na usiku hauna shughuli zaidi ya kusikiliza mbwa wa jirani. Wakasema tufanye mwezi mzima, kila Jumamosi burudani ya aina yake, ndani ya ghala la mazao lililobaki tupu: taarab, igizo, mazingaombwe, sarakasi. Kiingilio shilingi 2,000, watoto 500. Mtoto ni yule anayepita chini ya mkono wa mlinzi bila kuinama. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na wiki ya pili nikashuhudia mtu mwenye ndevu zake akipita mlangoni amechuchumaa.

Nilikubali upesi kwa sababu ya kumbukumbu. Wa rika langu wanaujua ule ushindani wa vikundi vya Muungano na TOT. Muungano walikuwa wakongwe. TOT wakaja 1992 chini ya Kapteni John Komba, na nchi ikagawanyika kama Simba na Yanga. Tiketi moja ilikupa ngoma, kichekesho, sarakasi, igizo, kisha taarab mpaka macho yakuwashe. Nilitaka Makuyuni ionje hilo hata kwa kijiko. Kijana mmoja wa kamati alikuwa ametoka Bagamoyo kwenye tamasha la chuo cha sanaa, kile kilichoanza 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, akarudi na msamiati mpya na habari kwamba ukumbi wa kule uliwahi kuungua, mwaka 2002, wakajenga upya. Katika hotuba yake yote mweka hazina alisikia neno "kuungua". Kesho yake kulikuwa na ndoo mbili za mchanga mlangoni. Mwezi ulipokwisha, ndoo hizo ndizo pekee zilizokuwa zimefanya kazi yake bila hitilafu.

Viti nilivipata kwa miguu yangu. Kanisa lilinipa 50 vya kijani, kwa karatasi niliyosaini mbele ya mzee wa kanisa. Kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana kilinipa 60 vya bluu, kila kimoja kimetiwa alama ya rangi nyekundu ya kucha chini ya makalio. Kumi vya mwisho vilitoka baa, na vilikuwa na tabia ya baa: vinayumba.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya taarab. Kikundi kidogo kilitoka Tanga mjini, na ukisema Tanga kwa watu wa taarab umesema Black Star na Lucky Star, umeisema na sauti ya Shakila. Mgeni anayetoka huko haombi heshima, anaikuta mlangoni. Ghala halina umeme, kwa hiyo tulikodi jenereta. Fundi aliniambia mapema: "Mwenyekiti, petroli iliyomo itafika saa nne. Baada ya hapo ni juu yako." Nikapiga mfuko wa shati. Noti mbili za elfu kumi zilikuwemo, za petroli, zimekunjwa vizuri.

Sasa wewe mwenyewe unajua taarab inavyofanya kazi. Mwimbaji hakutazami, ila anaimba neno ambalo jirani yako alilisema kisimani juzi. Mwanamke wa safu ya tatu akainuka kutunza, anatembea kwa mwendo wa kinyonga, noti juu kama bendera. Wa safu ya tano, ambaye hawasalimiani, akainuka na noti kubwa zaidi. Kisha mwimbaji akaimba kuhusu mwanamume anayejua kutunza siri, akanigeukia. Sijui nilisimama saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa mbele, mabega yanacheza yenyewe, na noti ya kwanza imeshatoka. Ya pili ilifuata kwa sababu watu walipiga vigelegele.

Saa nne na dakika tano jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza. Kinanda kikafa katikati ya mpigo. Mwimbaji akaendelea bila kipaza sauti, gizani, na ghala zima likatulia kumsikiliza. Kusema kweli ndipo nilipomsikia vizuri. Lakini alipomaliza ubeti sauti ikatoka nyuma: "Mwenyekiti, petroli!"

Nikamsogelea mwimbaji, nikamnong'oneza kama anikopeshe ile tunza hadi kesho.

"Baba," akasema, na kipaza sauti kilikuwa kimezima lakini sauti yake haikuwa imezima, "tunza hairudi."

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuja mbele polepole, kwa mwendo uleule wa kutunza, akafungua pindo la kanga, akanihesabia shilingi elfu kumi kwa mwanga wa tochi za simu za watu. Walipiga makofi kuliko walivyompigia mwimbaji.

Jumamosi ya pili ilikuwa igizo. Mwenye nyumba katili anamfukuza mjane. Yule mwigizaji alikuwa hodari kupita kiasi, kwa sababu alipotupa sufuria la kwanza nje, watu walianza kumtukana kwa Kizigua na Kisambaa kwa zamu. Hapo ndipo wakaingia kina mama watatu, kanga zimefungwa kiunoni. Nikajua. Bibi mmoja wa ng'ambo ya korongo, aliyekuwa anaumwa siku nyingi, alikuwa amefariki magharibi.

"Mama zangu," nikasema kwa sauti ya chini, "nipeni dakika ishirini tu, igizo linaisha."

"Mwalimu, tumwambie marehemu asubiri dakika ishirini?"

Sikuwa na jibu, na jibu lisingekuwepo hata ningepewa wiki. Wakaanza safu ya kwanza. Kila mtu alisimama, kiti kikageuzwa, kikamulikwa. Chenye rangi ya kucha kikabebwa, kisicho nayo mwenyewe akarudi kukaa. Jukwaani mjane anatolewa vyombo, huku chini watazamaji wanatolewa viti. Mzee mmoja aliyebaki wima na fimbo yake alimwonyesha mwenye nyumba kwa kidole. "Yule ana nafuu," akasema. "Kampa mjane siku saba."

Baada ya robo saa wengi walikuwa wamevifuata viti, maana bibi alikuwa wa wote. Saa tatu na nusu nilifunga ghala. Waigizaji nao wakaja msibani, na mwenye nyumba katili, akiwa bado na koti lake la utajiri, alibeba viti vinne kichwani safari mbili. Haikumsaidia. Asubuhi alikwenda kwa mama ntilie kunywa chai kabla ya basi.

"Vitumbua vimekwisha."

Sinia lilikuwa pale, limejaa, linatoa moshi.

"Mama, naviona hivyo."

"Kamfukuze mjane mwingine ukale kwake."

Nilimnunulia mimi. Alivila nyuma ya mti, kama mwizi.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mazingaombwe, na ndiyo tuliyoitangaza zaidi. Bingwa alikuwa anatoka Dar es Salaam. Saa kumi jioni simu ikaita.

"Mwenyekiti, nimeshuka. Mbona sijapokewa?"

"Tuko hapa stendi, bwana mkubwa. Umevaaje?"

"Koti jekundu. Nimesimama njia panda."

Tukatazama huku na huku. Stendi yetu siyo kubwa. Koti jekundu lingeonekana hata na mtu aliyelala. "Unaona nini hapo?"

"Naona Wamasai. Naona magari ya watalii. Kibao kinasema Ngorongoro."

Nikakaa chini kwenye gogo. Mikuyu imeota nchi nzima, na wazee wetu walipoiona mingi mahali hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Iko Makuyuni ya kwetu, Korogwe. Iko Makuyuni ya Moshi, upande wa Himo. Na iko Makuyuni ya Monduli, kilomita 80 hivi ukishapita Arusha. Basi la Dar kwenda Arusha linapita Korogwe, linapita Himo. Maana yake bwana huyu, usingizini, alizipita Makuyuni mbili ili aifikie ya tatu.

"Nauli ya kurudi nani analipa?" akauliza.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, akasikia yote. "Mtu asiyejua alipo yeye mwenyewe," akasema, "ndiye atakayejua karata yako iko wapi?"

Watu walikuwa wameshalipa na sisi tumeshazitumia hela zao. Mweka hazina alianza kuelekea mlango wa nyuma. Kilichotuokoa ni wazee wawili waliokwenda nyumbani kuchukua ngoma zao. Wakaanza mdumange, na ghala likasahau mazingaombwe. Kisha akainuka kijana ambaye babu yake aliletwa huku kama manamba, enzi mashamba ya mkonge ya Korogwe yalipokuwa yakivuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Babu ni Mmakonde, na mjukuu hajawahi kuona Newala, lakini sindimba aliyoicheza ilitikisa bati. Hata yule mzee wa safu ya mbele, ambaye tangu wiki ya kwanza kila kilichopigwa alisema "Atomic Jazz hawakuwa hivi", aliweka fimbo chini akaingia uwanjani. Usiku ule haukuhitaji petroli, haukuhitaji msanii wa Dar, na viti havikuhitajika kabisa kwa kuwa hakuna aliyekaa. Niliona kama nimetukanwa hivi.

Sarakasi, Jumamosi ya nne, sina mengi ya kusema. Sanaa hiyo hapa nchini ilipata nguvu pale vijana walipopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza, na hakika vijana waliokuja kwetu walikuwa wazuri. Ila walifanyia mazoezi uwanjani, chini ya mbingu, nasi hatukuwaambia kwamba ghala lina kenchi. Mnara wa watu ulipofika ghorofa ya nne, yule mdogo wa juu aligonga kichwa, "ko!", kama anayebisha hodi. Akashuka akicheka, ana nundu. Mnara ukaendelea kwa ghorofa tatu.

Bingwa wa mazingaombwe alifika siku hiyohiyo, saa tatu kabla ya muda, na mkononi ana karatasi iliyoandikwa KOROGWE kwa herufi kubwa. Nimkubali: alikuwa fundi. Alitoa njiwa kwenye kofia ya mgambo. Alikata kamba, ikaungana. Kwa kumalizia aliomba kiti. Nikampa cha kijani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Akakifunika kitambaa cheusi, akakizunguka mara tatu, akasema maneno ambayo mzee wa kanisa aliyekuwepo hakuyapenda, akavuta kitambaa. Kiti hakuna. Watoto walipiga kelele, watu wazima walisimama, mlinzi aliacha mlango na watu kumi wakaingia bure. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, na katika furaha ile hakuna aliyefikiria kuuliza sehemu ya pili ya mchezo. Alfajiri bingwa akapanda basi.

Jumatatu nilirudisha viti. Vya bluu 60, kina mama wakavigeuza kimoja kimoja. Vya baa kumi, vinayumba vilevile. Vya kijani 49.

Mzee wa kanisa alihesabu mara ya pili, akavaa miwani, akahesabu mara ya tatu. Akaitazama sahihi yangu. "Mwalimu," akasema kwa upole, "ulichukua 50."

Mweka hazina aliponisomea hesabu za mwezi, baada ya jenereta, nauli ya Monduli na vitumbua, zilikuwa zimebaki shilingi 11,500. Kiti kipya ni zaidi ya hapo. Nikampigia bingwa.

"Bwana mkubwa, nakupigia kuhusu kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kijani. Ulichokipoteza."

"Mwenyekiti, si ndiyo kazi uliyonilipa?"

"Nilikulipa ukipoteze. Sikukulipa uende nacho."

Akacheka, akasema nisiwe na wasiwasi. Msaidizi wake alikivuta nyuma ya turubai kama kawaida, kikapakiwa na mizigo yao kwa bahati mbaya. Wamekwishakigundua. Jana yake asubuhi alimkabidhi kondakta pale Dar, amemlipa kabisa, akishushe Makuyuni.

Nikamwuliza Makuyuni ipi.

Akanyamaza. Kisha nikamsikia ameiondoa simu sikioni, anamwuliza mtu wa pembeni yake: "Eti lile basi la jana, lilikuwa la wapi?"