Mlango wa Miguu Uko Wapi?

Hivi ndugu yangu, mtu asiye na gari akitaka kuingia supamaketi anapitia wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa. Geti la kuingia lina mshale na magari. Geti la kutoka lina mshale na magari. Katikati kuna bustani, nyasi zimenyolewa vizuri kuliko kichwa changu, na kibao: Usikanyage. Sasa mimi nikanyage nini? Niruke?

Chanzo ni simu ya Mama Zai. Iliingia meseji ya ofa. Ndoo ya mafuta ya kupikia, lita 20, bei imeshuka. Mchele kilo 10, bei imeshuka. Na ofa ikiingia kwenye simu ya mke, anayetoka nyumbani ni mume. Mimi ningejinunulia zangu kwa Mangi hapo kona, tena kwa mkopo, maisha yaendelee. Lakini safari hii nikapewa na msindikizaji. Mama mkwe. Kaja kutoka Korogwe kutibiwa goti, kachoka kukaa ndani, anataka naye aione hiyo supamaketi wanayoisimulia wajukuu. Utamwambiaje mkweo kwamba nauli uliyonayo mfukoni ni ya daladala tu? Nikasema, "Haya mama, twende."

Daladala linapita mbele ya supamaketi. Mbele kabisa. Unaziona bendera za ofa, unaona watu wanatoka na ndoo. Nikapaza sauti, "Shusha hapo supamaketi!" Konda akanigeukia na huruma ya daktari. "Mzee wangu, hapa hakuna kituo. Trafiki akitukamata hapa ni thelathini. Utalipa wewe?" Thelathini elfu hiyo, faini ya kosa moja, na konda hatanii. Nikakaa kimya. Tukapitiliza. Tukashushwa kituo cha mbele, na mbele kweli, mpaka supamaketi ikapotelea nyuma ya kona. Mama mkwe akauliza, "Baba Zai, mbona pale tulishafika?" Nikamwambia ndiyo utaratibu wa mjini, mama.

Utaratibu wenyewe ni kurudi kwa miguu. Njia ya watembea kwa miguu ipo, nisiwe mwongo. Ila wenyewe wameiwahi. Kuna mama wa mihogo na jiko lake, kuna kijana wa laini za simu na mwavuli wake, kuna boda wamepaki kwa kujipanga vizuri tu. Huwezi kugombana na mtu anayetafuta riziki. Unashuka barabarani. Ukishuka barabarani Kosta inakupigia honi, unarudi juu, unakutana na mtaro, na juu ya mtaro slabu moja haipo. Imekwenda wapi? Mimi nitajuaje. Mama mkwe na goti lake akauvuka. Mimi na magoti yangu mazima nikachovya kiatu.

Hapo ndipo tukafika getini, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mbele yetu kulikuwa na V8 nyeusi, vioo vyeusi. Mlinzi akapiga saluti. Saluti, bwana! Wala hajui ndani yuko nani. Pengine ni dereva katumwa vitunguu. Lile bomba la rangi nyekundu na nyeupe likapanda, V8 ikapita, na mimi nikaona hapahapa, nikafuata. Mlinzi akaniita. "Wewe mzee, unakwenda wapi?" Nakwenda wapi! Nimesimama kwenye mlango wa supamaketi, nina mfuko mbadala mkononi, niko na mama wa watu kajitanda kanga, anadhani nakwenda Mbeya? Lakini nikajieleza. Mimi nikiona yunifomu najieleza tu, hata ya skauti. Wakati najieleza, bomba likashuka. Likanipata utosini. Si kwa nguvu sana, kwa nguvu ya kutosha foleni nzima kuona. Mlinzi akaja mbio. Nikajua huyu anakuja kunipa pole, nikainamisha kichwa ili apaone vizuri. Akanipita. Akalishika bomba, akalikagua mwanzo mpaka mwisho, akalichezesha juu chini, akaridhika kwamba halijapinda. Ndipo akanikumbuka. "Uwe makini mzee. Hili ni la magari."

Sawa. La watu liko wapi?

Ndani ya geti ni uwanja. Magari yamewekewa turubai za kivuli, yamepoa, yanapumzika. Watu wako juani. Sijui nani alikaa mezani akaamua kwamba bati la mkoko litaungua kabla ya upara wangu, ila alikaa na aliamua. Kuna na zebra, nyeupe, rangi mpya. Zebra hizi, kijana wangu ananisomea mambo kwenye simu, zilianza Uingereza mwaka 1951, mji mmoja unaitwa Slough, na nia ilikuwa mtu atoke upande mmoja afike upande wa pili. Hii ya kwetu inaanzia kwenye ukuta wa ile bustani ya usikanyage na inaishia kwenye bampa la IST iliyopaki. Tuliifuata kwa uaminifu mpaka mwisho. Tukafika kwenye bampa. Tukasimama. Mama mkwe akaniangalia mimi, mimi nikaiangalia IST.

Basi unapenya katikati ya magari. Na kila ulipo kuna gari linarudi rivasi. Zile ndinga ndefu, mtoto akisimama nyuma dereva hamuoni kabisa, kioo kinaanzia juu ya kichwa chake. Kuna zenye kamera, kuna zenye mlio, na kuna hizi zetu zilizokuja moja kwa moja kutoka Japani, ndani yake kuna dada anaongea Kijapani. Inawezekana alikuwa ananiambia nihame. Mimi shule yangu haikufika huko. Nikawa najibu tu, "Ndiyo, ndiyo," narudi nyuma, nikaegemea gari jingine, likaanza kulia king'ora.

Kuna kibao cha mwendo, kilomita 10 kwa saa. Huko barabarani penye makazi wanaruhusiwa 50, humu ni 10. Kibao nakifahamu vizuri, maana nilijificha nyuma yake. Chenyewe kimeinama. Kimeshagongwa.

Wakati niko pale, ile V8 ikatoka kwenye mstari wa nyuma, mbio, inawahi nafasi ya karibu na mlango ili mwenyewe asitembee. Mama mkwe alikuwa katikati. Hakukimbia, goti haliruhusu. Alinyoosha mkono na kanga yake, akasimama. V8 ikasimama. Kioo kikashuka, kumbe ni kakijana. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Unakimbilia wapi, na duka limesimama?" Kijana akaomba radhi, akasubiri, bibi akavuka taratibu, watu wawili watatu wakapitia mgongoni mwake. Halafu akageuka kunitafuta. Nikatoka nyuma ya kibao. "Twende, Baba Zai," akasema, "pamekuwa salama."

Ndani sina ugomvi nako. Kipupwe, muziki, mkate wa moto. Tukapata ndoo, tukapata mchele, na nyanya ambazo hazikuwa kwenye ofa wala kwenye bajeti. Tusonge mbele.

Kutoka sasa. Kijana wangu anasema troli aliileta Mmarekani mmoja, Sylvan Goldman, mwenye maduka kule Oklahoma City, mwaka 1937. Aliona kikapu kikimlemea mteja, mteja anaacha kununua. Watu mwanzoni wakazigomea, ikabidi akodi watu wajifanye wateja, wazunguke dukani wanazisukuma. Akili nyingi hizo. Lakini bwana Goldman alinifikiria mpaka mlangoni tu. Nimesukuma troli yangu, gurudumu moja lina mipango yake binafsi, nimefika getini, mlinzi yuleyule: "Troli haivuki hapa." Mwenye gari troli inamfikisha mpaka kwenye buti, na kuna kijana wa kumpakilia. Buti langu mimi ni kichwa, na kichwa ndiyo hicho, kilishapigwa bomba.

Nikabeba. Ndoo mkono wa kulia, mchele begani, mfuko mbadala mkono wa kushoto. Nisieleweke vibaya, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilishangilia, mtaro wa mtaani kwetu ulikuwa umeziba kwa ajili yake. Ila mishikio ya huu mbadala imeshonwa kwa kumtegemea Mungu. Ukakatika katikati ya njia ya magari. Nyanya zikatawanyika. Moja ikaenda chini ya Noah, nyingine ikafuata mteremko kuelekea kwenye geti ambalo sisi tumenyimwa. Nikapiga magoti. Noah ikapiga honi. Nyuma yake wakapokea, honi juu ya honi, na mimi niko chini nimenyoosha mkono kwenye uvungu wa gari linalounguruma, kwa ajili ya nyanya. Mama mkwe hakusema kitu. Ungekuwa mahali pangu ungetamani aseme.

Nje ya geti boda na bajaji wanasubiri, maana nao humo ndani hawatakiwi. Nikauliza bei mpaka Tandale. Nikatajiwa bei. Nikauliza tena, nikidhani ametaja ya Chalinze. Ofa yote, ile iliyonitoa nyumbani, ingeishia hapo. Tukaenda kituoni. Kituo cha kurudia kiko ng'ambo, na zebra ya kuvukia haipo, wameimalizia kwenye ile IST. Konda akaiona ndoo. "Hiyo inalipa siti." Nikalipia siti. Ndoo ikakaa, mama mkwe akakaa, mimi nikasimama.

Na unajua nani alikuwa kasimama kando yangu? Mlinzi. Kavua kofia, zamu yake imekwisha, kashika bomba la juu, kachoka. "Mzee, kichwa vipi?" Nikasema kinaendelea. Tukapiga stori. Kumbe na yeye kila siku anashushwa kulekule mbele, anarudi kwa miguu, anaruka mtaro uleule usio na slabu. Dada wa kwenye mashine ya malipo hivyohivyo, dada wa usafi hivyohivyo, kijana wa troli hivyohivyo. Nikamuuliza kwa hiyo nyie mnapita wapi getini? Akasema, "Tunapita tu, mzee. Kwa kuvizia."

Sasa mimi si mhandisi. Mambo ya ramani yananipita juu, kama lile bomba lisivyonipita. Lakini hata mimi naona hesabu. Kosta ikisimama mbele ya mlango inashusha watu ambao wangekuja na magari yao wangejaza mistari, halafu yenyewe inaondoka. Haitaki turubai, haitaki tiketi ya maegesho. Inataka kipande cha lami pembeni, isimame bila kuzuia barabara na bila kutozwa thelathini, na hicho kipande mwenye duka na wenye barabara wanaweza kukaa wakakipanga kabla hawajamwaga zege. Mbona mwendokasi, pamoja na maudhi yake yote ambayo leo sitaki kuyagusa, tangu ilipoanza 2016 vituo vyake sakafu iko sawa na mlango wa basi? Mtu mwenye goti bovu anaingia wima. Mama mkwe aliipanda siku moja, mpaka leo anaisifia. Kwa hiyo tunaweza. Na haja ipo: Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kijana wangu aliponisomea hiyo niliacha kucheka habari za nyanya.

Mwenye supamaketi, kama unanisoma, sikuombi saluti. Niwekee mlango mdogo pembeni ya geti, upana wa mtu na ndoo yake. Kutoka hapo nichoree njia iliyoinuka kidogo ifike mpaka dukani, isiishie kwenye bampa la mtu. Ukibakiwa na turubai, kipande. Mlinzi wako naye atafurahi, hatavizia tena kazini kwake mwenyewe.

Na wewe mwenye gari, ukishapaki na kufunga mlango tuko sawa, unatembea kwenye jua lilelile na rivasi zilezile. Kwa hiyo ukinikuta nimepiga magoti katikati ya njia, mfuko umekatika, subiri kidogo. Usinipigie honi. Kusikia nimesikia. Pa kukimbilia ndiyo hakuna.