Sifa za Kipini cha Pua

Kiko kimoja ndani ya soksi yangu ya kushoto wakati huu ninapoandika, na sina mpango wa kukitoa. Nimeshafunzwa adabu. Kipini cha pua hakitolewi kwenye soksi. Kinasubiriwa mpaka kiamue chenyewe kuhama.

Nianze na jina, maana msomaji wa Tanga au Mombasa akisikia pua na kipini keshamwona bibi aliyetoga, kanga begani. Siye. Pua ninayoisema ni ile ya mafundi, chuma kigumu kisichoshika kutu, na kipini chenyewe ni kipande cha waya chenye urefu wa milimita sita na nusu na unene unaozidi milimita moja kidogo. Hakina kichwa, hakina ncha, hakina tundu. Ukikiona barabarani hutainama. Nimekiita kipini kwa sababu kazi yake ni urembo, na kwa sababu kikishaingia mahali pembamba hakitoki kwa kubembelezwa.

Kazi hiyo ya urembo ni kuosha maganda ya risasi. Nimepanga chumba cha nyuma kwa mzee mmoja mstaafu, nje kidogo ya Houston, Texas, ambaye kila Jumamosi huenda uwanjani kulenga shabaha. Risasi ikishalia, kichwa kimekwenda na baruti imeungua, lakini ganda limebaki miguuni mwa mpigaji. Ganda hilo ni shaba ya njano, sehemu 70 shaba na 30 zinki, na ndilo ghali kuliko vyote vilivyomo. Kwa hiyo wenye mchezo huu huyaokota, wakarudi nayo nyumbani, wakang'oa fataki iliyokufa (fataki ni kile kidude cha kuwashia baruti, si yule baba wa matangazo ya redio aliyekuwa akiwawinda wanafunzi), wakayaosha, kisha wakatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Ganda likitunzwa hurudi kazini mara nyingi. Kwetu ukikutwa na ganda moja mfukoni una maelezo ya kutoa mpaka usiku wa manane. Hapa mzee ana ndoo tatu, na sheria haina neno naye.

Zamani maganda haya yalisuguliwa kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au kwa vifuu vya jozi, ndani ya bakuli linalotetemeshwa na mota. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Sina ugomvi na gunzi. Sisi watu wa shamba tunalijua kwa huduma nyingine ambazo sitazitaja gazetini. Lakini gunzi ni kibarua wa msimu. Linafanya kazi, linachafuka, linakuwa vumbi, linatupwa. Vumbi lenyewe linapanda puani, na pua hii sasa ni ile ya kupumulia.

Kipini hakichakai. Hii ndiyo sifa yake ya kwanza, na wanaokijua huitaja kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Leo, mwakani, miaka kumi ijayo, kipini ni kilekile. Kilo mbili na robo, ambacho ndicho kipimo cha mfuko mmoja, unazinunua mara moja tu. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kipini kimoja hakifiki hata gramu 0.06, kwa hiyo mfukoni mna vipini 39,000 hivi. Fikiria una watumishi 39,000 wasiokula, wasiougua, wasiodai nyongeza, na hakuna hata mmoja atakayezeeka. Ndipo utakapoelewa kwa nini mzee hafi moyo, na kwa nini hana nafasi ya kufanya jambo jingine lolote maishani. Mtumishi asiyechoka humchosha bwana wake.

Kufua kwenyewe ni rahisi. Pipa dogo lenye bitana ya mpira, linalozungushwa polepole na mota. Ndani vipini vyote, maganda kama kilo moja, maji lita tatu na ushei, sabuni ya kuoshea vyombo kiasi cha kijiko, na ndimu ya unga kidogo sana, robo ya kijiko cha chai. Funga, washa, nenda ukalale kwa muda wa saa tatu. Ukirudi, maji yamekuwa meusi kama masizi ya sufuria, na maganda yanang'aa nje na ndani, mpaka kwenye kile kijishimo cha fataki ambacho gunzi halikifikii abadani.

Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alikuja kututembelea. Asubuhi moja alinikuta gereji nikimsaidia mzee kuyasuuza. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama akiangalia ile shaba inavyometa juani.

"Baba, hizi risasi zinaogeshwa hivi, zinakwenda kuozeshwa?"

"Hapana, Mama. Zinakwenda kupigwa tena."

"Na mnazisugua kwa nini?"

Nikamwambia: ndimu. Akacheka mpaka akashika mlango. Dele la kahawa la marehemu mama yake lilisuguliwa kwa ndimu na majivu kila mwezi wa Shaabani, wala halikuhitaji umeme. Nikajaribu kumweleza kwamba huku majivu yamebadilishwa na vipini. Akachukua kimoja kiganjani, akakigeuza, akauliza kwa upole wa mtu anayemhurumia mkwewe, "Na hivi vyote mnavihesabu?"

Hapo aligusa penyewe, lakini nitafika. Kwanza niseme juu ya nasaba, maana msifiwa lazima awe na nasaba. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, kitakachostahimili kuliwa na moto wa baruti. Akatia kromu ndani ya chuma, akapata kitu ambacho asidi hazikukiweza, si siki wala maji ya limau. Mtutu ukasahaulika, Sheffield ni mji wa visu, na chuma kile kikaenda mezani kuwa visu. Sasa tazama mambo. Kilitafutwa kwa ajili ya bunduki, kikaolewa jikoni, na baada ya miaka mingi kimerudi kwa bunduki kikiwa dobi. Na ndani ya pipa kimekutana tena na ndimu ileile, ambayo shaba huisalimu kwa kuinamisha kichwa, nacho kinaipita kama hakikuiona.

Na ni dobi mwenye kipimo. Lugha yetu imeliona hili mapema: kufua ni kufua nguo, na kufua ni kufua chuma. Ukiyaacha maganda pipani usiku kucha, dobi anageuka mhunzi. Midomo ya maganda inagongwa na kugongwa mpaka inafanya ukingo. Ukizidisha ile ndimu ya unga, shaba inatoka na rangi ya waridi kama bibi harusi aliyetiwa poda na mpambaji asiye na uzoefu, kwa sababu asidi imeanza kuila zinki. Kipini hakilaumiwi kwa lolote kati ya haya. Kilichomo kwenye pipa ni kile ulichotia wewe.

Jambo moja tu nitalisema bila mzaha. Kiswahili kinaita madini ya risasi na kile kitu kinachoua kwa jina moja, na maji yale meusi yanabeba risasi ya maana ya kwanza, iliyotoka kwenye fataki. Hayamwagwi kwenye sinki la jikoni, chujio lililotumika halirudi kuchuja tui, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chai. Mzee hana masihara hapo, na mimi nilimzuia Mama asichovye kidole.

Kipini pia hakihitaji dawa za kung'arisha, nazo nyingine zina amonia. Karne ya 19 jeshi la Waingereza kule India lilishangaa maganda yake ya shaba yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, hakuna aliyeyagusa. Yaliwekwa karibu na mazizi ya farasi. Ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1921: amonia itokanayo na mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba iliyokunjwa kwa nguvu kiwandani, huitia nyufa. Jeshi zima likashindwa na mkojo wa farasi. Kipini kingekuwapo kisingepasuka, ila nacho kisingesaidia kitu. Nimekitaja tu kwa heshima.

Sasa utunzaji. Utamtunzaje asiyechakaa? Hili ndilo fumbo la kipini. Vinapotoka dukani vina mafuta na weusi wa kiwandani, kwa hiyo safari ya kwanza vinaogeshwa peke yao kwa sabuni, bila ganda hata moja. Baada ya hapo, kila safari vinasuuzwa mpaka maji yawe meupe, vinatandazwa juu ya taulo, vinaanikwa kwenye jua la Texas, ambalo halina huruma, na havifungiwi ndoo vikiwa na maji, kwa sababu kipande kimoja cha chuma cha kawaida kikichanganyika humo kitawapaka kutu wasio na hatia. Vilivyopinda vinatolewa. Hayo ndiyo yote. Asilimia moja ya kazi.

Asilimia 99 ni kuvitafuta. Maji yanavigandisha ndani ya ganda, ndiyo maana maganda hutikiswa ndani ya karai la maji ili vidondoke, si hewani. Hata hivyo kimoja kitabaki kooni. Viwili vitaingia pamoja kwenye tundu la moto, lile linalopitisha cheche ya fataki, vikabanana kama abiria wa mlango wa nyuma wa daladala, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Mzee hukagua ganda moja moja kwa tochi, kwa sababu kipini kilichosahauliwa chini ya baruti kitapita mtutuni pamoja na risasi, na mtutu ni ghali kuliko madobi wote 39,000.

Ana sumaku kwenye fimbo. Chuma cha aina hii kikiwa laini hakivutwi na sumaku, lakini kikishavutwa na kubanwa kuwa waya hupata tabia kidogo ya kuvutika. Kidogo. Kinaifuata sumaku kama mtoto anayeitwa kuoga: hakikatai, hakiji. Kwa hiyo baada ya sumaku mzee hupiga magoti. Sijawahi kumwona akienda kanisani, lakini kila Jumamosi alasiri, kwa saa moja kamili, yuko magotini sakafuni, uso umekaribia saruji, midomo inatembea. Ibada gani nyingine imemtendea hivyo mtu wa miaka 74? Siku moja nilimuuliza kwa nini asiviache vile vichache, ilhali anavyo ndoo nzima. Akaniangalia kama niliyemwambia aache wajukuu wachache dukani.

Na kwa kweli alinishinda, kwa sababu hoja yake ndiyo sifa ya kwanza ya kipini iliyogeuzwa upande wa pili. Gunzi ukilipoteza umepunguza takataka. Kitu kisichochakaa hakina udhuru wa kupungua. Kama ndoo imepungua, hakikufa, kiko mahali. Kiko kwenye mashine ya kufulia, kwenye soli ya kiatu, ndani ya zulia, chini ya paka. Kinang'aa hukohuko kiliko, kizima, kinakungoja. Mali isiyoharibika haimwachi mwenyewe apumzike, na mimi nisiye na bunduki wala ganda nimeanza kutembea nikitazama chini.

Nina kikombe juu ya friji ambamo naweka vile ninavyovipata upande wangu wa nyumba. Kila Jumamosi nampelekea mzee, naye huvihesabu mbele yangu kabla ya kuvirudisha ndooni. Wiki iliyopita vilikuwa kumi na saba. Gramu moja.

Mama alirudi Tanga mwezi uliopita. Juzi alipiga simu, tukasalimiana kwa urefu kama inavyostahili, akauliza watoto, akauliza kazi, kisha akasema alipokung'uta kanga aliyosafiri nayo kilianguka kimoja sakafuni, kikalia "ti". Amekiweka kwenye kisahani kabatini, kando ya dele la mama yake, na anamtafuta mtu anayekuja Marekani amkabidhi.