Namna ya Kumnasa Mwimbaji Asiyealikwa Redioni

Ukikanyaga mafuta, redio ya gari inapiga mluzi. Ukiwasha wipa, inakwaruza. Acha kwanza hela yako mfukoni, maana hata redio mpya itafungwa kwenye nyaya zilezile na mwimbaji asiyealikwa ataendelea na wimbo wake. Mtafute yeye.

Gari likiwa limesimama, ongeza mafuta kisha achia. Mluzi ukipanda na kushuka pamoja na injini, mshuku altaneta. Umeme inaozalisha hupita kwenye diodi ili unyooke. Diodi moja ikifa, mawimbi yanabaki na kutembea hadi kwenye redio. Tafadhali, usichomoe betri injini ikiwaka ili ujaribu! Volti hupaa ghafla, zikaua diodi zilizobaki na vifaa vingine vya elektroniki garini.

Sasa zima injini, acha swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, uwape mota zamu ya kuimba mmoja mmoja: wipa, feni ya ndani, vioo. Ndani yao kaboni zinasugua komutata, na hapo ndipo cheche zinapozaliwa. Kaboni zikilika, cheche huzidi, na dawa ni kuzibadilisha kabla ya jambo lingine lolote.

Ukishamjua mwimbaji, tafuta njia yake. Chomoa antena: kelele ikikatika, ilikuwa inaingilia huko. Ikibaki, inakuja kwa waya. Punguza sauti hadi mwisho. Kelele isipopungua, basi inaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye amplifaya au nyaya zinazoiletea muziki.

Mimi ningeanza na athi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapolipuliwa. Waya umebanwa kwenye skrubu yoyote iliyokuwa karibu, juu ya rangi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza vizuri, na athi ya redio na ya amplifaya zifunge sehemu moja. Waya chanya wa amplifaya uvute moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, na uupitishe mbali na nyaya za muziki.

Mota akiendelea kubisha, mfunge mdomo palepale alipo. Kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 0.1, volti 50 au zaidi, iunganishe kati ya ncha zake mbili, miguu ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Mguu mrefu unaiacha kelele ipite. Kapasita hiyohiyo ukiiweka karibu na redio, mota akiwa mbali, waya wote wa katikati umegeuka antena ya kurushia kelele.

Kisha washa wipa tena, usikilize, kabla hujarudisha dashibodi.