Barua Yangu Iko Japani

Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita gereji magari yake zaidi ya 50,000 huko Marekani kwa sababu ya buibui. Buibui hao hupenda harufu ya petroli, basi wakawa wanajenga utando katika bomba la kupumulia tangi. Hewa ikikosa njia, tangi laweza kupata ufa. Mazda wakatia springi ya kuwazuia. Mwaka 2014 wakaita tena magari yapatayo 42,000, kwani buibui walikwisha kuijulia ile springi.

Nawaonea wivu wenye magari wale. Kosa ni la kiwanda, barua inakufuata nyumbani, matengenezo bure. Fundi wangu akikosea, nalipa mara ya pili.

Shida ni kwamba barua hizo humwendea mwenye gari anayejulikana, na kwa daftari za Japani gari langu huenda bado ni la muungwana wa huko aliyeliuza zamani. Mimi niliyelipokea bandarini Kilindini sijulikani. Gari lenyewe hujitahidi: kila nikiliwasha, bibi mmoja husema jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa. Nilikuwa nikimjibu "salama", hadi mtu aliponifasiria kwamba ananikumbusha kuchomeka kadi ya kulipia barabara. Barabara za Japani, bila shaka.

Taa ya eabegi ilipowaka nikaenda gereji. Fundi akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, taa ikazimika.

"Tayari, bosi."

"Kwani ilikuwa nini?"

"Balbu. Nimeitoa."

Eabegi za kampuni ya Takata zilifurishwa kwa amoniamu naitreti, kemikali ambayo ikikaa miaka katika joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali mtungi wake huweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu walikufa, mamilioni ya magari yakaitwa, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Joto na unyevu! Ungetaka kuitafutia kemikali hiyo makao mabaya kabisa, ungeileta Mombasa mwezi wa Machi. Na ubovu huo hauwashi taa yoyote, kwa hiyo fundi hana hata balbu ya kutoa.

Kama gari lako lilitoka Japani, chukua namba ya chesisi uiingize katika tovuti ya mtengenezaji ya huko. Imeandikwa Kijapani, lakini simu yako itakufasiria. Ukikuta limeitwa, nenda kwa wakala wa kampuni hiyo ukaulize kipuri. Na mwambie fundi airudishe balbu.