Sifa za Maneno Mapacha ya Kiingereza

Wenye kusifu wafalme na waendelee. Mimi nayasifu maneno ya Kiingereza yanayofanana, yale yanayomtoa mgeni jasho London hata wakati wa baridi. Ni walimu wasiodai karo.

Chukua "alight". Treni ya chini ya ardhi inaingia Green Park, na sauti ya mama mpole inawaambia waendao Buckingham Palace wa-"alight" hapo. Aliyefundishwa kwamba neno hilo maana yake ni kuwaka moto ana haki ya kuulizia ndoo ya maji. Lakini na atazame pembeni: hakuna anayekimbia. Watu wanaokota mikoba na kusogelea mlango kwa uchovu. Kumbe ni kushuka! Somo hilo halitamtoka.

"Principal" na "principle" nayapita haraka: sikio haliwezi kumtenga mkuu wa chuo na msimamo wa maadili. Ni jicho tu linaloonyesha kwamba wawili hao si lazima waishi pamoja.

Taji nawavika "flower" na "flour", ua na unga. Walizaliwa neno moja, kwa kuwa unga laini ulihesabiwa kuwa ua la nafaka, sehemu yake bora. Samuel Johnson, aliyeandikia kamusi yake ya 1755 nyumbani Gough Square, London, hakuwatenganisha. Na mji haukulala njaa! Neno likitoka kwa mwokaji lilikuwa unga, likitoka kwa mtunza bustani lilikuwa ua. Wauza orodha za maneno ya kukariri walikuwa wapi?

Mswahili naye asijifanye mnyonge. Kwao paa hufunika nyumba, paa hukimbia porini, na samaki hupaliwa magamba kwa kitenzi chenye sauti hiyo hiyo, kupaa. Sijasikia mpishi aliyemparua swala akimdhania changu. Muktadha tumeunyonya utotoni. Tukifika Uingereza tunausahau na kukimbilia kamusi.

Basi naleta ombi. Trafalgar Square kuna jukwaa la nne la kuwekea sanamu, lililojengwa 1841 likakosa sanamu kwa uhaba wa fedha, na tangu 1999 huwekwa kazi za sanaa za muda. Zamu moja wapewe mapacha hawa: mwanamke ashike unga mkono mmoja na waridi mkono wa pili. Kibao cha maelezo kisiwekwe.