Walimuua Baba, Wakatuachia Mzaha

Mfyuu! Sogeeni huku, maana leo nina la moyoni. Dogo wetu hapa kijiweni tangu juzi anatuonyesha kwenye simu vipande vya kichekesho cha zamani cha Wamarekani Weusi, *Good Times*, na kila kipande ni kilekile. Kijana mrefu, mwembamba kama ufito, kofia ya jinzi kichwani, anatanua mikono na kupiga ukelele: "Dainamaiti!" Hadhira inalipuka. Dogo naye anajishika mbavu, ananiambia, "Mzee, huyu jamaa ndiye mwenye kipindi." Nikasonya mpaka muuza kahawa akageuka.

Si kweli, mwanangu. Kipindi kile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliuawa. Waliomuua ni haohao waliokuwa wanakitengeneza. Miaka hamsini karibu imepita na bado linaniuma.

Tuanzie Chicago. Familia ya Evans inaishi kwenye ghorofa za serikali, zile ndefu za watu wa kipato cha chini, lifti hazifanyi kazi na majambazi wanazunguka ngazini. Mtaa hautajwi jina ndani ya hadithi, lakini picha za mwanzo ni za Cabrini-Green, mtaa wa kweli kabisa. Leo yale maghorofa hayapo, la mwisho lilibomolewa mwaka 2011. Ndani ya fleti yumo James Evans, mkewe Florida na watoto watatu: J.J., yule wa dainamaiti. Thelma, binti mwenye akili na mdomo wake. Na Michael, kitinda mimba, kadogo lakini kamejaa siasa za ukombozi mpaka kope. Kuna na jirani, Willona, ambaye hajui maana ya kubisha hodi. Shirika la CBS lilianza kukirusha Februari 1974, kikaisha Agosti 1979, sehemu 133. Waliokibuni ni Weusi wawili, Eric Monte na Mike Evans, na Monte mwenyewe alikulia Cabrini-Green. Mwenye nguvu za kukifikisha hewani alikuwa Norman Lear, mtayarishaji mkubwa wa zama zile, Mzungu.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Huyu Florida alianza kama mfanyakazi wa ndani katika kichekesho kingine cha Lear, *Maude*. Watu wakampenda, wakubwa wakaona apewe kipindi chake. Mpango wa awali ulikuwa awe mama anayelea watoto peke yake. Aliyekuwa anaigiza Florida, Esther Rolle, akakataa. Alisema wazi kwamba bila mume ndani ya nyumba ile, yeye hayumo. Mwanamke yule alikuwa na miaka hamsini na zaidi, amesota jukwaani muda mrefu, na hii ndiyo nafasi ambayo waigizaji wengi hufa hawajaiona. Mtu mwingine angesaini upesi kabla hawajabadili mawazo. Yeye akaweka kazi yote rehani ili watoto wa Kimarekani Weusi wawashe runinga wamwone baba. Jamani, mnalipima hilo? Kwenye vichekesho vya familia vya runinga ya nchi ile, familia ya Weusi yenye baba na mama pamoja ilikuwa bado haijaonekana.

Baba akapatikana: John Amos. Na niwape cha kushangaza. Amos alizaliwa Desemba 1939, na Jimmie Walker aliyeigiza mwanawe J.J. amezaliwa Juni 1947. Baba kamzidi mtoto miaka saba na nusu tu! Kwa mkewe wa kwenye runinga, yeye Amos ndiye mdogo, tena kwa miaka kumi na tisa. Lakini keti uangalie. Akiingia mlangoni jioni, mabega yamechoka, J.J. anakaa wima. Hakuna anayekumbuka umri. Ule ulikuwa uigizaji, si mchezo.

James Evans hakusoma. Anabangaiza. Leo anaosha magari, kesho ana vibarua viwili, keshokutwa hana hata kimoja. Wakitishiwa kufukuzwa nyumba, anabeba fimbo yake ya puli na kwenda kuitafuta kodi mezani. Ana hasira za karibu, ana mkanda wa kiunoni ambao watoto wanaujua, na ana heshima ambayo umaskini haujaigusa. Halafu anacheka! Anamshika Florida kiuno jikoni, wanataniana kama wachumba. Kwa sababu James yupo, kipindi kiliweza kubeba mizigo mizito bila kuzama. J.J. anamchora Yesu Mweusi, na sura aliyoitumia ni ya mlevi wa mtaani. Michael anasimamishwa shule kwa kusema George Washington alimiliki watumwa, jambo ambalo ni kweli. Jirani, bibi mzee, anashukiwa kula chakula cha mbwa kwa sababu fedha za uzeeni hazimfikishi. Presha ya damu, ugonjwa unaoondoka na wanaume Weusi wengi, nayo ilipewa sehemu yake, na mtu anayehofiwa kuwa nayo ni James.

Ile inayonikata mimi ni ya baba yake James. Mzee aliyemtelekeza akiwa mtoto anapatikana, Thelma amemtafuta kwa siri. James hataki kumwona. Huyu baba ambaye hajawahi kuwakimbia wanawe, anasimama mbele ya baba aliyemkimbia, na unaona mtu mzima akirudi kuwa mtoto usoni. Waliokuwa wanaangalia waliangua vicheko dakika tano kabla. Hapo kimya.

Haya, sasa shari.

Jimmie Walker alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, na ule ukelele wake ukapendwa. Mwelekezaji John Rich akashikilia usemwe kila wiki. Ukauza. Waandishi wakaona njia rahisi: hadithi ikikwama, mlete J.J. atoe macho, atembee kimadaha, apige ukelele. Polepole mambo ya Thelma na Michael yakapunguzwa. Amos akaanza kuuliza maswali. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliuliza kwa nini tuna mtoto anayetaka kuwa jaji wa Mahakama ya Juu na binti anayetaka kuwa daktari, halafu muda wote anapewa huyu mwenye kofia. Aliwaambia waandishi, ambao anasema hapakuwa na Mweusi kati yao, kwamba baba Mweusi hasemi hivi, nyumba ya Weusi haiendi hivi. Baadaye alikiri hakuwa mpole katika kusema, na vitisho vilimtoka. Sawa. Lakini alichokuwa anakisema kilikuwa kweli.

Esther Rolle naye hakunyamaza. Mwaka 1975 alilalamika katika jarida la Ebony: kijana ana miaka kumi na minane, hana kazi, hasomi, hafikiri, na wanazidi kumfanya mjinga ili watu wacheke. Mama analalamikia alichofanywa mwanawe. Mimi simlaumu Walker. Alikuwa anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kuchekesha anajua.

Msimu wa tatu ulipoisha, Amos anasimulia, Lear alimpigia simu. Habari njema: kipindi kimeongezewa msimu. Habari mbaya: yeye hatakuwamo. Ameonekana mkorofi. Hivyo tu. Mtu amefukuzwa kwa kugombea ukweli wa mtu aliyepewa amwigize.

Nao hawakumpeleka safari, hawakumbadilishia mwigizaji. Septemba 1976 wakamuua. James amepata kazi ya gereji Mississippi, familia inafungasha kumfuata, majirani wamefanya karamu ya kuwaaga. Inafika simu ya maandishi. Florida anaanza kuisoma akidhani ni ya heri. Ajali ya gari. James hayupo tena. Kisha mama yule anazika, anapokea wageni, anagawa chakula, hatoi chozi, watoto wanamkasirikia. Mwishoni, wageni wameondoka, ameshika bakuli la kioo. Analibamiza sakafuni na kilio kinamtoka. Dogo, kile kipande nacho wanakikata na kukichezea kwenye simu, watu wanakitia vibonzo. Mfyuu! Yule mama alikuwa analia msiba wa kweli. Baba aliyempigania tangu siku ya kwanza alikuwa ameondolewa, na sasa kipindi kilikuwa kimerudi palepale alipopakataa: mama peke yake na watoto.

Mzee mwenzangu hapa ananiambia, "Bwana, ni kazi tu, mtu akigombana na bosi anaondoka." Sikatai. Ila ngoja nikumalizie. Miezi minne baadaye, Januari 1977, Wamarekani wakawasha ABC wakamkuta John Amos amekuwa Kunta Kinte. Ndiyo, ndiye! Yule Kunta Kinte mtu mzima wa *Roots*, tamthilia ya utumwa, aliyekatwa sehemu ya mguu kwa kutoroka, ambaye jina lake lilifika mpaka vijiwe vya huku kwetu na watu wakawaita watani wao hivyo. LeVar Burton alikuwa Kunta kijana. Amos ni yule aliyekomaa na kugoma kusahau alikotoka. Mtu waliyemwona mkorofi kwenye kichekesho ndiye aliyebeba kumbukumbu ya watu wake wote kwenye bega moja.

Na *Good Times*? Wakamwoza Florida haraka kwa mwanamume mwingine. Rolle naye akachoka, mwaka 1977 akaondoka. Nyumba sasa haina baba wala mama, J.J. ndiye mkubwa, Willona anachungulia. Wakamleta Janet Jackson, binti wa miaka kumi na mmoja, aigize Penny, mtoto anayechomwa kwa pasi na mama yake mzazi. Kwa hilo nawapa haki yao, kazi ile ni nzito na binti aliiweza. Rolle alirudi mwaka 1978 kwa masharti, mojawapo J.J. apewe akili na wajibu, na yule mume wa pili akawekwa kando. Lakini ilishachelewa. Sehemu ya mwisho inamaliza dhiki zote kwa nusu saa: J.J. anauza katuni zake, mume wa Thelma anapata mkataba wa mpira wa Kimarekani, Thelma ana mimba, wote wanahama. James alitafuta njia ya kutoka kwenye lile ghorofa misimu mitatu. Walipotoka, hakuwapo.

Kingine kinachoniudhi: J.J. aliumbwa kuwa mchoraji! Picha zake nyingi mle ndani zilichorwa na Ernie Barnes, mchoraji wa kweli, na ile ya watu wakicheza dansi, *The Sugar Shack*, ilionekana mara nyingi kipindi kikiisha. Mwaka 2022 ikapigwa mnada New York, ikauzwa zaidi ya dola milioni 15. Kipaji cha yule kijana kilikuwa kinaning'inia ukutani muda wote, nao wakashughulika na ukelele wake.

Amos hakufa na kinyongo. Mwaka 1994 alifanya kazi tena na Lear, na Desemba 2019, walipokirudia kipindi mubashara kwa usiku mmoja, alitokea kidogo, hadhira ikamshangilia. Lear alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101, Amos akamfuata Agosti 2024, akiwa na 84. Wao walimalizana. Mimi ndiye sijamaliza, kwa sababu kila siku naona vijana wanarithishwa ukelele bila nyumba ulimotokea.

Kwa hiyo dogo, fungua simu yako tena. Achana na vipande. Tafuta ile ya James na baba yake, uiangalie yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Halafu nenda kwenye ile ya puli. Kesho ukija hapa, usiniambie J.J. alisema nini. Niambie James alifanya nini uso wake ulipomwona yule mzee.